Neva Iliyoumia: Jinsi ya Kuvipa Vichocheo vya Ukuaji Nafasi ya Kufanya Kazi Kabla Muda Haujapita

Aliyekatika neva ya mkono, na yule ambaye nyayo zake zinawaka moto usiku kwa sababu ya kisukari, wote huuliza swali moja: ninywe nini ili neva iote tena? Jibu fupi ni kwamba hakuna cha kunywa. Dutu zinazoiotesha neva, yaani vichocheo vya ukuaji, ni protini, na protini ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Mwili wenyewe ndio unaozitengeneza, palepale kwenye jeraha, kwa kiasi kidogo mno na kwa kipindi chenye mwisho. Kazi ya mgonjwa, ya anayemuuguza na ya daktari ni kuhakikisha kipindi hicho hakipiti bure.

Tunazungumzia neva za pembeni, yaani mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Zile za ndani zina sheria zake, na karibu zote ni kali zaidi.

Vichocheo vyenyewe ni nini

Seli ya neva inayohudumia kidole gumba cha mguu makazi yake yako karibu na uti wa mgongo, kama mita moja kutoka kwenye ncha ya uzi wake, yaani mkia mrefu unaopitisha habari. Seli hiyo haina namna ya kujua kama ncha bado imeshika ngozi au msuli mpaka iletewe habari. Kichocheo cha ukuaji ndicho habari hiyo. Ngozi, msuli na seli zinazouzunguka uzi hutoa protini kidogo. Ncha ya uzi huimeza pamoja na kipokezi chake, yaani mahali inaponasa. Mzigo husafirishwa kurudi hadi kwenye kiini cha seli. Mzigo ukifika, seli huendelea kuishi na kutengeneza vifaa vya ukarabati. Ukikatika, seli hunywea, na baadhi hufa.

Cha kwanza kufahamika ni NGF, kifupi cha Kiingereza cha "kichocheo cha ukuaji wa neva". Rita Levi-Montalcini na Viktor Hamburger walikifuatilia huko St. Louis, Marekani, kwa kutumia viinitete vya kuku, na Stanley Cohen akakitenga kikiwa kisafi miaka ya 1950, kikiwemo kile kilichotoka kwenye tezi za mate za panya. Levi-Montalcini na Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. NGF huhudumia hasa nyuzi nyembamba za maumivu na joto, pamoja na zile zinazoendesha jasho na mishipa ya damu. Ukitaka kujua uzito wa kazi yake, waangalie watu wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye kipokezi chake kiitwacho TrkA: hawasikii maumivu na hawatoki jasho.

NGF haifanyi kazi peke yake. Vichocheo vingine, BDNF na GDNF, huzihudumia zaidi seli zinazoamrisha misuli. NT-3 huhudumia nyuzi nene zinazotuambia kiungo kimekaaje hata tukiwa tumefumba macho. Neuregulini huwasiliana na seli za Schwann, zile zinazoufunika uzi kwa mailini, yaani ala yake ya mafuta. IGF-1 husukuma ukuaji wa uzi, na VEGF huita mishipa midogo ya damu. Majina haya si ya kukariri. Linalofaa kushikwa ni kwamba neva moja imebeba nyuzi za aina nyingi, na kila aina ina kichocheo chake. Sindano ya kichocheo kimoja haiwezi kuwa dawa ya neva nzima, na huko mbele tutaona kilichotokea ilipojaribiwa.

Saa inayoanza kuhesabu siku ya jeraha

Neva ikikatwa, kipande cha chini, kile kilichotengana na seli yake, huanza kusambaratika ndani ya siku moja hadi mbili. Augustus Waller aliliona jambo hili kwa chura na akalieleza mwaka 1850. Husikika kama janga, lakini ni usafi: mabaki ya uzi wa zamani na mailini yake lazima yaondolewe ndipo uzi mpya upate pa kupita. Seli za Schwann huacha kazi ya kutengeneza mailini, hugeuka kuwa mafundi wa ukarabati, hujipanga mstari ndani ya mirija mitupu iliyoachwa na uzi, na huanza kumwaga vichocheo. Siku ya pili au ya tatu huwasili makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki. Hao nao huziamsha seli za Schwann zitoe NGF zaidi.

Vichocheo havipandi kwa pamoja. Katika wanyama wa maabara, NGF hupanda ndani ya saa chache, hushuka, kisha hupanda tena makrofaji wanapoingia. GDNF hupanda ndani ya siku mbili. BDNF hujikokota na kufika kilele chake wiki ya tatu hadi ya nne. Halafu huja sehemu ambayo wengi hawaijui: uzi mpya usipofika, mafundi huchoka. Kwa panya, GDNF katika kipande kilichokaa bila uzi hushuka hadi karibu na sifuri ndani ya miezi 6. Seli za Schwann hupungua, na mirija husinyaa na kujaa kovu. Uzi utakaofika baada ya hapo utakuta njia iliyozibwa na hakuna wa kuupokea.

Kwa upande mwingine, uzi hukua kwa kasi ya karibu milimita 1 kwa siku. Hapo hesabu inakuwa rahisi, na ni vizuri kila mgonjwa aifanye mwenyewe. Chukua utepe wa kupimia, pima kutoka kwenye jeraha hadi kwenye msuli au ngozi inayotakiwa kufikiwa, geuza sentimita kuwa milimita, hizo ndizo siku. Ongeza siku 30 za kuvuka mshono. Neva iliyokatwa kwenye kifundo cha mkono, sentimita 18 kutoka ncha ya kidole: siku 210, yaani miezi saba. Iliyokatwa kwenye kiwiko, sentimita 30 kutoka misuli midogo ya kiganja: miezi kumi na moja. Iliyonyofoka chini ya shingo, sentimita 70 kutoka kiganjani: miaka miwili.

Sasa linganisha na msuli. Msuli uliokosa neva hugeuka mafuta na kovu, na ikipita miezi 12 hadi 18 huwa haupokei tena. Kwa hiyo wa kifundo cha mkono ana muda wa kutosha, wa kiwiko anakimbizana na saa, na wa shingoni hawezi kufika kiganjani kwa kusubiri uzi uote tu. Ngozi ina uvumilivu zaidi. Hisia zinaweza kurudi hata baada ya muda ambao msuli umeshakata tamaa.

Hatua ya kwanza: jua neva imeumia kiasi gani

Madaktari bado wanatumia mgawanyo wa mpasuaji Mwingereza Herbert Seddon wa mwaka 1943. Katika aina ya kwanza mailini imeumia lakini uzi ni mzima, kama unapolalia mkono vibaya usiku kucha. Hupona wenyewe kwa wiki chache, mara chache hufika 12. Katika ya pili uzi umekatika lakini mirija imesalia; hupona kwa mwendo ule wa milimita 1 kwa siku, na hupona vizuri kwa kuwa kila uzi una njia yake ya zamani. Katika ya tatu neva nzima imekatika, na hiyo bila upasuaji hairudi. Nyuzi huota, hukosa njia, na hujisokota kuwa kinundu chenye maumivu makali.

Tatizo ni kwamba siku ya kwanza zote tatu zinafanana: ganzi na kiungo kisichotii. Jeraha lenyewe ndilo linaloamua uende kwa haraka gani.

Jeraha la wazi la kisu, chupa au kioo likifuatana na ganzi, chukulia neva imekatika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bana damu kwa kitambaa safi, usichokonoe ndani ya jeraha, na mgonjwa aonwe na mpasuaji ndani ya siku 3. Kosa kubwa linalotokea hapa ni kushona ngozi bila mtu kupima hisia kwanza. Gusa ncha ya kila kidole kwa pamba, pande zote mbili, uulize kama inasikika sawa na ya mkono mwingine, na mwombe akunje na kunyoosha kila kidole. Fanya hivyo kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu baada yake kipimo hakina maana.

Jeraha la wazi lakini la kuchanwa au kupondwa, kama la mashine, mara nyingi husafishwa kwanza na neva kushonwa baada ya kama wiki 3, mipaka ya sehemu iliyokufa ikishajitokeza. Jeraha lililofungwa, kama la kuanguka au kuvutwa bega, husubiriwa kwa uangalizi hadi miezi 3. Zaidi ya hapo, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kama mwezi wa tatu umefika na hakuna msuli hata mmoja ulioanza kurudi, mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji wa neva, si kuongezewa vitamini na kupangiwa tarehe nyingine ya mbali.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli kina wakati wake pia. Kikifanywa wiki ya kwanza kinaweza kudanganya, kwa sababu kipande cha chini huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa baada ya kukatwa: nyuzi za misuli hadi kama siku ya 7, za hisia hadi kama siku ya 10 au 11. Mtu huambiwa neva ni nzima kumbe imekatika. Kipimo chenye majibu ya kuaminika ni cha wiki ya 3 hadi ya 4, na kikirudiwa baada ya miezi mitatu huonyesha kama nyuzi zinasonga.

Yapo yasiyosubiri hata siku moja. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu kwa siku chache, kushindwa kujizuia haja pamoja na ganzi kati ya mapaja, au maumivu yanayozidi kwenye mguu uliovunjika na kukaza kama mbao: hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo. Uso uliopinda ghafla upande mmoja pia uonwe mapema. Kwanza daktari ahakikishe si kiharusi. Kisha, kama ni neva ya uso, vidonge vya prednisoloni husaidia zaidi vikianza ndani ya saa 72, na jicho lisilofumba lazima lilindwe lisikauke.

Mpasuaji anafanya nini, na kwa nini

Vichocheo hutoka upande wa chini na kusambaa kuelekea juu, kwa hiyo ncha zinazoota hufuata harufu, tuseme hivyo. Kazi ya mpasuaji ni kuifupisha safari na kuisafisha njia. Chini ya hadubini hukata ncha zilizopondeka mpaka aone mafundo mazima ya nyuzi, hulinganisha mishipa midogo ya damu ya juu ya neva ili pande zisipishane, kisha hushona ganda la nje kwa uzi wa kushonea mwembamba kuliko unywele, wa saizi 8-0 hadi 10-0. Mishono ikiwa mingi huleta kovu, na pengo likibaki huleta kinundu.

Linaloharibu zaidi ni mvutano. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba neva ikivutwa asilimia 8 ya urefu wake damu huanza kukwama kwenye vishipa vinavyorudisha, na ikifika asilimia 15 mzunguko husimama. Seli ya Schwann isiyopata damu haitoi kichocheo chochote. Ndiyo maana pengo halivutwi kwa nguvu likutane, bali hujazwa. Pengo dogo huwekewa mrija wa bandia, ambao kwa kawaida hautumiki kupita sentimita 3. Pengo kubwa huwekewa kipande cha neva ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ile ya nyuma ya mguu, na mgonjwa hubaki na ganzi ndogo kwenye ukingo wa nje wa wayo. Mgonjwa huuliza kwa nini neva isiyo na tatizo iuawe ili kuponya nyingine. Ni kwa sababu kipande hicho kinakuja na seli za Schwann hai, yaani kiwanda cha vichocheo, na mrija mtupu hauna. Njiani katikati ya mrija mrefu uzi hukosa wa kuulisha, ukasimama.

Pale hesabu ya siku inapogoma, njia ni kuhamisha neva. Tawi la neva nzima iliyo karibu na msuli huelekezwa kwenye msuli huo, safari ya sentimita 50 ikawa ya sentimita chache. Mfano unaojulikana sana ni ule wa mpasuaji Mfaransa Christophe Oberlin wa mwaka 1994, wa kuchukua fungu dogo la neva ya ulna, ile inayokwenda upande wa kidole kidogo cha mkono, ili kuuamsha msuli unaokunja kiwiko.

Kuna jambo moja zaidi la kumuuliza mpasuaji: umeme. Kupitisha mapigo 20 kwa sekunde kwa saa 1 kwenye sehemu ya juu ya neva baada ya kuikarabati huongeza BDNF na kipokezi chake ndani ya seli, na nyuzi huvuka mshono mapema. Ilionekana kwanza kwa panya, kisha kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kulegeza neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Haiongezi mwendo wa milimita 1. Inachofanya ni kupunguza wiki za kusuasua pale kwenye mshono. Vifaa vya kubandika kwenye ngozi vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani si kitu hicho.

Kazi ya nyumbani

Kwa wiki 3 hivi baada ya kushonwa, kiungo hufungwa katika mkao usioivuta neva. Kukifungua mapema "kukijaribu" kunaweza kuukata mshono bila mgonjwa kusikia chochote, maana sehemu hiyo ina ganzi. Baada ya hapo maungio yaanze kukunjwa na kunyooshwa kwa msaada wa mkono mwingine, kila moja hadi mwisho wa mwendo wake, mara 10, mara tatu kwa siku, taratibu, kwa kufuata ratiba ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Neva ikirudi ikute ungio limekakamaa, safari yote itakuwa ya bure. Kwa mkono unaoning'inia au mguu unaoburuza ncha, gango la usiku na la mchana huzuia msuli uliokufa ganzi usivutike kupita kiasi.

Kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, kuna faida kuliko kunavyoonekana. Msuli unaofanya kazi hutoa BDNF na IGF-1, na katika wanyama waliokimbizwa baada ya neva kukatwa, nyuzi ziliota zaidi kuliko kwa waliolala. Hakuna haja ya kujiumiza. Zoezi la kumfanya mtu ahemke kidogo linatosha.

Kwa mwenye kisukari, sukari ndiyo adui wa kwanza. Sukari nyingi hubana vishipa vinavyolisha neva, huchelewesha usafirishaji wa mizigo ndani ya uzi, na hupunguza vichocheo kwenye ngozi. Lengo la kawaida kwa watu wazima wengi ni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, chini ya asilimia 7. Ila isishushwe kwa pupa: anayeshuka zaidi ya alama 2 za asilimia ndani ya miezi mitatu, baada ya kukaa muda mrefu na sukari ya juu, anaweza kupata maumivu mapya makali ya neva yanayosababishwa na kushuka huko. Wengi hudhani dawa zimewadhuru na kuziacha. Dawa hazina kosa, kasi ndiyo yenye kosa, na daktari anaweza kuirekebisha.

Vitamini B12 ni ya lazima kwa mailini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, wasiokula kitu chochote kitokanacho na wanyama, na wazee ambao tumbo halifyonzi vizuri wapimwe. Asiye na upungufu hapati neva mpya kwa kuongeza dozi. B6 ni tahadhari kabisa: ikinywewa kwa wingi kwa miezi, huharibu neva za hisia yenyewe, na mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vitatu tofauti ambavyo mtu anavimeza kwa pamoja "kwa ajili ya neva". Soma maandishi ya kila kopo na ujumlishe. Pombe ni sumu ya neva moja kwa moja, na sigara hubana mishipa ya damu. Juu ya mshono mpya, zote mbili ziachwe.

Sehemu yenye ganzi ilindwe kama ya mtoto mchanga. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko au kwa mkono usio na ganzi. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nyayo zitazamwe kila jioni, kwa kioo kama mtu hawezi kuinama, maana kidonda kisichouma hugunduliwa kwa harufu, na hapo kimechelewa.

Kujua kama nyuzi zinasonga

Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani walieleza kipimo hiki mwaka 1915, kila mmoja kivyake, na hakuna kifaa cha bei kilichokiondoa. Kuanzia wiki ya 6 hivi, mara moja kwa mwezi:

Kaa mkono ukiwa umelegea. Anza kugonga polepole kwa ncha ya kidole kwenye njia ya neva, kutoka mbali kuelekea kwenye kovu. Mahali pa kwanza panapotoa mtekenyo wa umeme unaokimbilia vidoleni ndipo zilipofika ncha changa. Weka alama ya kalamu, pima kutoka kwenye mfupa usiohama, andika tarehe na sentimita. Mwezi unaofuata alama isogee karibu sentimita 3 kuelekea vidoleni. Ikikaa palepale miezi miwili mfululizo na bado inauma ikiguswa, huenda nyuzi zimekwama kwenye kovu. Mpelekee mpasuaji daftari hilo. Kusogea kwa alama ni habari njema lakini si uhakika, kwa kuwa nyuzi chache za hisia zinatosha kuisogeza hata kama za misuli zimepotea njia.

Maumivu ya kuungua kipindi hiki yana maelezo yake. NGF ileile inayoziotesha nyuzi nyembamba ndiyo inayozifanya ziwe nyepesi kuwaka. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapa. Zinazotumika ni amitriptilini ya usiku kwa dozi ndogo, gabapentini, pregabalini au duloksetini, na zote huandikwa na daktari. Zilitengenezwa pia kingamwili za kuinasa NGF ili kuzima maumivu ya maungio. Maumivu yalipungua, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maungio yaliharibika haraka, na mwaka 2021 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa mojawapo, tanezumabu.

Kinachouzwa, na kinachofaa

NGF ya maabara ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa neva za kisukari, sindano tatu kwa wiki chini ya ngozi, na matokeo yakatoka mwaka 2000: haikuwashinda waliopewa sindano tupu. Dozi ilibidi iwe ndogo kwa sababu sehemu ya sindano iliuma, na dozi ndogo ikisambazwa mwili mzima haifiki ncha ya uzi kwa kiwango cha kufaa. Ukienda upande wa pili, ukaweka nyingi mahali pamoja, kuna mtego mwingine. Katika panya ambao GDNF ilirundikwa sehemu moja ya neva, nyuzi ziliingia kwa wingi zikagoma kutoka, kama watoto kwenye duka la peremende. Kichocheo kinahitaji mteremko: kidogo hapa, zaidi pale mbele, na kiondoke uzi ukishapita.

Mahali pamoja jambo limefaulu, jichoni. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina neva nyingi za pembeni, na zikifa huota vidonda visivyopona. Matone ya NGF yaitwayo senegemini yaliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Matumizi ni tone 1, mara 6 kwa siku, kila baada ya saa 2, kwa wiki 8. Lenzi zitolewe kwanza na zirudishwe baada ya dakika 15. Matone mengine yapishane nayo kwa dakika 15. Kichupa kikifunguliwa kitumike ndani ya saa 12, kinachobaki kitupwe. Yamefaulu kwa sababu dawa inamwagwa juu ya ncha zenyewe za nyuzi, tena sehemu ndogo.

Sindano za plasma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, hubeba vichocheo kadhaa kutoka kwenye damu ya mgonjwa, na hujaribiwa kwa neva zilizobanwa kidogo kwenye kifundo cha mkono. Wanaozipokea wahakikishe anayechoma anaongozwa na picha ya mawimbi ya sauti: dawa iwe kando ya neva, kamwe isiingie ndani yake. Kwa neva iliyokatika hazichukui nafasi ya mshono. Uyoga aina ya Hericium umeonekana kuziamsha seli za maabara zitoe NGF, lakini kutoka kwenye sahani ya maabara hadi neva ya ulna iliyokatika ni mbali sana. Anayeupenda aule, ila asiache miadi ya mwezi wa tatu kwa ajili yake.

Nyuzi zikifika kwenye ngozi, ubongo hupokea habari kama simu kutoka kwa namba zilizobadilishwa: ukigusa kidole cha shahada, kidole cha kati kinaitika. Mazoezi ya kuufunza upya ni ya dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, mahali patulivu. Pitisha kifutio cha penseli kwenye ngozi huku ukitazama, kisha ukiwa umefumba macho, kisha fumbua uone kama ulipatia. Kinachosogea husikika kabla ya kilichotulia, kwa hiyo anza nacho. Baadaye tambaza vidole kwenye kitambaa, mbao, sarafu, ufunguo. Baridi itaendelea kuuchoma mkono huo kwa miaka hata kama kila kitu kingine kimerudi. Glavu iwe karibu.